Mlembe na Warina Asali wa Ukonongo

Mwaka 1871 njia kuu ya misafara iliyotoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, kwenda Ujiji ilifungwa kwa vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amehasimiana na Waarabu wa Tabora juu ya hongo na amri ya njia, na katika mwezi wa Agosti majeshi yake yakaingia Tabora yenyewe na kumwua Khamis bin Abdallah, mmoja wa mashujaa wa Waarabu. Na kwa sababu hiyo Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dokta David Livingstone kwa gharama ya gazeti la New York Herald, alikata shauri kuizunguka vita kwa upande wa kusini, akaondoka Kwihara mwezi wa Septemba, akauvuka mto Gombe, akaingia katika misitu ya Ukonongo, nchi ambayo leo imo katika Mkoa wa Katavi, kwenye Wilaya ya Mlele yenye makao yake Inyonga. Lau Mirambo asingaliifunga njia ile, msafara ungalipita kaskazini, na kitabu alichokichapisha Stanley mwaka uliofuata kingaliikosa habari ambayo kwa rai yangu ni miongoni mwa zenye thamani kubwa humo, ingawa wasomaji wengi huipita upesi wakienda kutafuta mkutano wake na Livingstone huko Ujiji.

Habari yenyewe ni ya ndege. Stanley aeleza kwamba katika misitu ya Ukonongo palikuwa na ndege mdogo ambaye, mara amwonapo msafiri, huanza kupiga makelele ya pupa, akiruka kutoka kitawi hadi kitawi na kutoka mti hadi mti. Na mwenyeji wa nchi, akiijua hulka ya ndege yule, humfuata bila kusita. Ikiwa mwendo wa mtu ni wa polepole mno, ndege hurudi nyuma, akamhimiza kwa sauti kali zaidi, kisha akatangulia tena kwa kasi, hata wakafika kwenye mti wenye pango ambamo nyuki wameweka asali yao. Mtu huwasha moto, huwafukiza nyuki na kutwaa masega. Ndege hungoja kando. Wakonongo waliojiunga na msafara, asema, walimletea kila siku masega makubwa ya asali, nyeupe na nyekundu, na wapagazi waliyala pamoja na nta yake.

Ndege huyu ni mlembe, ambaye wengine humwita ndege wa asali. Kwa umbo hana la kumfanya atazamwe mara mbili: urefu wake ni kama sentimeta 20, uzani wake ni gramu 50 hivi, rangi yake ni ya kijivu na hudhurungi, na manyoya ya pembeni mwa mkia ni meupe, ndiyo yanayomwezesha mtu kumfuata kwa macho anaporuka mbele katika kichaka. Dume lililokomaa lina koo jeusi, doa jeupe shavuni na mdomo wa waridi. Sauti yake ya kuita si wimbo bali ni mchakacho wa haraka usiokoma, kama kibiriti kinachotikiswa. Na aliyepata kuisikia mara moja hawezi kuidhania kuwa ya ndege mwingine. Hapatikani msituni tu. Huja mpaka kandokando ya mashamba, huingia katika bustani na chini ya miembe ya uani, akamchakarishia mwenye nyumba au mtoto anayechota maji, na aghalabu siku hizi huchakarisha bure, kwa kuwa anayeitwa hajui kwamba anaitwa.

Kinachomsukuma ndege huyu ni nta. Wanyama wenye uti wa mgongo wawezao kuila nta na kuisaga tumboni wakapata nguvu ni wachache mno duniani, na mlembe ni mmoja wao. Hula pia wadudu, na majana ya nyuki huyapenda. Walakini nta ndiyo shabaha ya safari zake zote. Hujua mahali ilipo, kwa maana huonekana alfajiri, nyuki wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, akichungulia katika matundu ya miti. Ila hana shoka la kupasulia mti, wala moto wa kuwatuliza nyuki, nao nyuki wa misitu yetu ni wakali hata waweza kumwua. Livingstone alipata ithibati ya ukali huo katika nchi hizo hizo. Mwezi wa Januari mwaka 1872, alipokuwa akirudi na Stanley kutoka Ujiji kwenda Unyanyembe, kundi la nyuki lilimvamia punda wake. Mnyama yule akajibwaga chini na kugaagaa badala ya kukimbia, na mzee Livingstone mwenyewe akaumwa kichwa na uso hata akajitupa kichakani. Punda hakuishi zaidi ya siku chache. Basi mtu ana shoka na moto lakini hajui asali ilipo, na ndege anajua ilipo lakini hana zana. Kila mmoja ana nusu ya haja ya mwenzake.

Ushahidi wa maandishi juu ya tabia hii ni wa zamani kuliko Stanley kwa zaidi ya karne mbili. João dos Santos, padri wa Kireno aliyeishi Sofala, kusini mwa pwani yetu, mwishoni mwa karne ya 16, alitoa kitabu mwaka 1609 ambamo alieleza ndege waliokuwa wakiingia kanisani mwake kupitia madirishani na kudonoa nta ya mishumaa iliyokuwa madhabahuni. Akaongeza kwamba ndege hao hao waonapo mzinga msituni huwatafuta watu na kuwaita. Mwaka 1777 Anders Sparrman, Msweden aliyesafiri katika nchi za Rasi kusini ya Afrika, akampa mlembe maelezo ya kitaalamu katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya London, na jina la kisayansi alilonalo hata leo, Indicator indicator, latokana na kazi hiyo. Huko Ulaya wako waliodhani kuwa ni hikaya za wasafiri. Wasingalikuwa na haja ya kutia shaka lau wangaliuliza wenyewe wenye misitu. Na hapa ndipo ninapokiona kisa cha Ukonongo kuwa na uzito, maana Stanley hakudai kuwa amevumbua jambo, bali aliandika wazi kwamba Wakonongo ndio wenye maarifa, na yeye alikuwa mlaji tu wa matunda ya maarifa hayo.

Watu wa nchi hizi, Wakonongo wa Inyonga, Wabende wa upande wa Mpanda na Karema, na Wapimbwe wa bonde la Rukwa, waliishi na asali kwa namna ambayo mkaaji wa pwani, aliyezoea asali kuwa dawa ya kifua au kitu cha kutia katika mapishi ya sikukuu, haimwii rahisi kuikisia. Misitu ya miombo ndiyo iliyowalea. Mtundu huchanua kabla ya mvua za kwanza, mashamba yakiwa makavu na maghala yakielekea kwisha; muva huchanua baadaye, mvua zikiwa zimekwisha shika na kuanza kupungua; na kwa hiyo mwaka una vipindi viwili vya mavuno, kimoja kuelekea Novemba na Desemba, cha pili kati ya Mei na Julai. Miti hiyo hiyo inayowalisha nyuki ndiyo inayotoa nyumba yao: fundi huchuna gome la mtundu au la muva likiwa limejaa maji, hulikunja likawa duara refu, hulishona kwa kamba za magome, huziba ncha zake mbili na kuacha tundu dogo, kisha mzinga huo hupandishwa juu ya mti na kulazwa katika panda. Wengine hutoboa gogo. Mzinga wa gome hugharimu uhai wa mti mzima, nao ndio uliowafanya maofisa wa misitu wa zama zote, Waingereza na warithi wao, kuulalamikia. Walakini kwa mtu asiye na mbao wala misumari ulikuwa ni ustadi usio na mbadala.

Urinaji wenyewe ulikuwa kazi ya usiku au ya magharibi, kwa kienge cha majani na maganda yanayotoa moshi mwingi kuliko ndimi za moto. Wanaume waliondoka kijijini kwa majuma, wakapiga ago katikati ya msitu karibu na maji, na humo wakakaa wakila asali, ugali na windo lolote lililopatikana. Asali ilirudishwa nyumbani katika vyombo vya magome. Ikawa chakula, ikawa pombe ya harusi na ya matambiko, ikawa mahari, na sehemu ikabadilishwa kwa chumvi, majembe na nguo. Nta, ambayo zamani watu waliitupa, iligeuka kuwa bidhaa wakati wafanyabiashara wa pwani, kisha Wajerumani, walipoanza kuitafuta kwa ajili ya ng'ambo. Na tangu hapo mpaka utawala wa Waingereza, nta ya misitu ya magharibi ilikuwa miongoni mwa mazao machache yaliyomletea mtu wa porini fedha ya kodi bila kuondoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Sasa, kati ya mwenye mizinga na mtafutaji wa asali ya mapangoni pana tofauti ambayo ndege haijui. Mwenye mizinga anajua mizinga yake ilipo, wala hahitaji kuongozwa. Mlembe ni wa yule atembeaye na shoka begani akitafuta riziki ambayo hajaiweka mwenyewe. Lakini ndege hana khabari za milki. Huweza kumwongoza mtu mpaka kwenye mzinga wa jirani kwa bidii ile ile anayompelekea kwenye pango la mninga, na muungwana akifika hapo hugeuka akaondoka, na ndege humfuata nyuma akilalama. Katika jamii zilizoishi kwa asali, kuiba mzinga kulikuwa ni aibu kubwa kuliko kuiba shambani, maana shamba lina mlinzi, ilhali mzinga umeachwa msituni kwa amana ya watu wote.

Juu ya ujira wa ndege, desturi hutofautiana kwa kaumu, na hapa pana jambo linalostahili kutafakariwa kwa makini. Katika sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kwamba anayemnyima mlembe haki yake, siku nyingine atapelekwa si kwenye asali bali kwenye chui, au simba, au nyoka aliyejikunja; hikaya hiyo imeenea mno hata haiwezi kuwa mali ya kabila moja. Wayao wa Msumbiji kaskazini humpa kwa ukarimu: hukusanya nta iliyobaki, huiweka juu ya majani mahali peupe, na humwacha ndege ale. Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hufanya kinyume. Mara nyingi huichoma nta au kuizika, kusudi ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Mtu aweza kuharakisha kuwahukumu Wahadza kuwa wachoyo. Mimi siwahukumu, kwa sababu ndege anaendelea kuwajia, naye aghalabu hupata vipande vinavyodondoka. Walakini ningeulizwa ni ipi kati ya desturi hizi mbili iliyo nzuri zaidi, ningejibu bila kusita kuwa ni ya Wayao, maana humtambua ndege kuwa mshirika, si chombo.

Aliyeupima uongozi huu wa ndege kwa hesabu ni Hussein Isack, mwana wa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Pamoja na Heinz-Ulrich Reyer alitoa matokeo mwaka 1989 katika jarida la Science, nayo yaliwanyamazisha wenye shaka. Warina asali wa Kiborana, wasipokuwa na ndege, walihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa mwitu. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Katika kila mizinga 100 waliyoonyeshwa, 96 ilikuwa ya namna ambayo ndege peke yake asingaliweza kuifikia nta. Isack akaonyesha pia kwamba mwenendo wa ndege una maana ndani yake: mwelekeo wa kuruka kwake huonyesha upande, kadiri anavyokaribia, vituo vyake hufupika na hutua matawi ya chini zaidi, na akifika, sauti hubadilika, ikapoa, kisha akanyamaza. Waborana walikuwa wakiyasema hayo tangu zamani. Kilichoongezwa na mtaalamu ni saa na tarakimu, na fadhila yake kubwa, kwa nionavyo, ni kwamba alikwenda kuwauliza wazee wa kwao kwanza, ndipo akapima.

Hata hivyo lipo fumbo moja katika maisha ya mlembe ambalo linaifanya tabia yake kuwa ya ajabu zaidi, nalo si la kupendeza. Mlembe halei watoto wake. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine wakaao mashimoni, kama keremkezi na zuwakulu, na kifaranga chake huanguliwa kikiwa kipofu na kikiwa na ndoano kali katika ncha za mdomo, ambazo kwazo huwaua vifaranga wa wenye kiota gizani, mpaka kibaki peke yake kinalishwa. Ndoano hizo huanguka zenyewe baada ya muda. Kwa hiyo mlembe hukua bila kumwona baba wala mama, mikononi mwa walezi wasiojua lolote kuhusu nta wala wanadamu. Na akitoka kiotani hana mwalimu wa ukoo wa kumfundisha kumtafuta mtu. Yamkini hamu ya kuongoza huzaliwa nayo. Je, ni watu gani wa kuwaongoza, na watamjibu kwa sauti gani? Hilo hawezi kuzaliwa nalo, kwa kuwa sauti za watu hubadilika kutoka nchi hata nchi.

Waborana hupuliza mluzi mkali kupitia viganja vilivyofumbwa, au kupitia makombe ya konokono na kokwa za mikoche. Wahadza hupiga mluzi wenye mfano wa wimbo. Wayao hutetemesha ulimi kwa sauti ndefu, kisha hutoa mguno mfupi. Mtaalamu Claire Spottiswoode na wenzake, wakifanya kazi na Wayao huko Niassa, Msumbiji, walionyesha mwaka 2016 kwamba mlio huo wa Kiyao humwongezea mtu tumaini la kuongozwa kutoka asilimia 33 hata asilimia 66, na tumaini la kuufikia mzinga kutoka asilimia 16 hata asilimia 54, kuliko mtu akitoa sauti nyingine yoyote. Mwaka 2023 Spottiswoode akishirikiana na Brian Wood wakatoa jambo lililo kubwa zaidi: mlembe wa Wahadza huuitikia mluzi wa Kihadza kuliko mlio wa Kiyao, na mlembe wa Wayao huuitikia mlio wa Kiyao kuliko mluzi wa Kihadza. Ndege hujifunza lugha ya majirani zake.

Katika jambo hilo naona hoja nzima ya taarikhi hii. Tumezoea kuinena tabia ya ndege kana kwamba ni mali ya ndege, na desturi ya watu kana kwamba ni mali ya watu. Lakini hapa tabia na desturi ni kitu kimoja kilichogawanywa sehemu mbili. Mlembe wa Ukonongo aliyemwita Stanley alikuwa amefunzwa na Wakonongo, kizazi baada ya kizazi, kwa kuitikiwa, kwa kufuatwa na kwa kuachiwa nta. Na kama mlembe hujifunza kutokana na watu, basi mabadiliko ya maisha ya watu hayana budi kumfikia.

Nayo mabadiliko yalifika Katavi kwa wingi. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulienea katika misitu ya magharibi, na serikali ya Tanganyika, kwa shauri la madaktari kama George Maclean, iliwahamisha watu kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Sehemu kubwa za miombo zikabaki bila wenyeji, zikiingiliwa tu na warina asali na wawindaji. Hatua ile iliokoa roho za watu, wala sithubutu kuibeza. Lakini iliwatenga watu na misitu waliyokuwa wakiijua mti kwa mti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli ilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, mwendo wa kilometa 210 hivi, ili kuyachukua madini ya risasi, na Mpanda ikawa mji wa mgodi. Mgodi ulifungwa karibu na mwaka 1960, reli ikabaki, ikiwachukua abiria, mahindi, tumbaku, na asali. Wakati wa vijiji vya ujamaa, katikati ya miaka ya 1970, watu walikusanywa mara ya pili.

Na mwaka 1974 Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa, ikapanuliwa mwaka 1998 hata kufikia kilometa za mraba 4,471. Jina lake latokana na Katabi, mwindaji ambaye roho yake, kwa imani ya Wabende, hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wawindaji walikuwa wakimpelekea sadaka kabla ya kuingia porini. Hifadhi hiyo ni neema kwa viboko wa mto Katuma na kwa nyati wa mbuga za Katisunga, nami ningeumia kuiona ikipungua hata kwa shubiri moja. Lakini ndani ya mipaka yake hakuna mtu aruhusiwaye kuingia na shoka na moto, na kwa hiyo mlembe aliyezaliwa humo hukutana na mtalii aliye ndani ya gari, ambaye hamjibu. Ndege amehifadhiwa, ila nusu nyingine ya kazi yake imeachwa nje ya lango.

Upande wa ufugaji, juhudi zilikuwa kubwa na za kusifika. Serikali ilianzisha idara ya nyuki mwaka 1949, na Tabora ikawa makao ya elimu na ushirika wa asali. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitolewa mwaka 1998, na sheria yake mwaka 2002. Mizengo Pinda, mwana wa Katavi aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2015, aliutetea ufugaji wa nyuki kwa maneno na kwa mfano wake mwenyewe. Leo vikundi vya wafugaji wa Inyonga huuza asali iliyochujwa na kutiwa katika chupa zenye alama, na mizinga ya mbao imeokoa mitundu mingi isichunwe. Haya yote ni maendeleo ya kweli. Walakini mwenye mizinga ya mbao iliyopangwa katika manzuki haongozwi na ndege, na mwanawe, anayenunua sukari dukani kwa bei nafuu kuliko asali, hana haja ya kujifunza mluzi wa babu yake. Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya ndege hawa mwaka 1955, alikwisha taja kwamba mahali ambapo watu wameacha kumfuata mlembe, naye huelekea kuacha kuita. Hana uadui wala kinyongo; ameacha tu kazi isiyo na mshirika.

Wapo wasemao kwamba hasara hiyo si kitu, maana mlembe atamwendea nyegere kama alivyomwendea mtu. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na yaonekana ni ya kale. Utafiti uliowahoji warina asali wapatao 400 katika nchi tisa za Afrika, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba wengi wao hawajapata kuona mlembe akimwongoza nyegere, ingawa hapa Tanzania walikuwapo, hasa Wahadza, waliosema wamewaona wawili hao pamoja. Hata ikiwa ni kweli, nyegere hawashi moto, wala hapandi na shoka juu ya mninga wa futi 50. Mshirika aliyemzoesha mlembe kuita ni mwanadamu, na hakuna badali.

Katika misitu ya Mlele, Mpimbwe na Wilaya ya Tanganyika wangali wako wazee ambao katika ujana wao waliondoka nyumbani na shoka, kienge na mfuko wa unga, wakamjibu ndege kwa sauti waliyoirithi, wakarudi na asali. Walimu wa shule za Inyonga na Usevya, maofisa wa nyuki wa Mpanda, na kila kijana mwenye simu iwezayo kunasa sauti, nawaomba waende kwa wazee hao kabla ya msimu wa Mei kufika, wawaombe watoe mlio wao wa kumwita mlembe, waunase na kuuandika pamoja na jina la kijiji na la kabila. Kisha msimu ukifika, wafuatane nao porini kwa ruhusa ya wenye msitu, na wakishapata asali wamwachie ndege nta juu ya jani, mahali peupe.